Sarafu za bronzi za Katanga: msalaba wa mukuba uliotembea karne nyingi, na dola iliyodumu miaka miwili na nusu

Mwaka 1961 Katanga ilitoa sarafu zake yenyewe zenye picha ya msalaba wa mukuba. Dola hiyo haipo tena, na leo Kongo haitumii sarafu hata moja sokoni. Lakini msalaba ulioigwa kwenye sarafu hizo ulikuwa fedha ya kweli mamia ya miaka kabla ya Tshombe, na sehemu kubwa ya historia yake ingali ardhini.

Kwenye mpaka wa Mokambo, mtu anayevuka kwenda Mufulira hukutana na fedha za namna mbili. Upande wa Zambia mfuko unalia: kuna vipande vya chuma vya ngwee na vya kwacha, ambavyo mwenye duka hurudisha kama chenji. Upande wa Kongo mfuko uko kimya. Franka ni noti tupu, na zile ndogo zimeshikwa na mikono mingi hadi karatasi imelegea. Hesabu kubwa hufanywa kwa dola. Kambisti anayekaa kando ya barabara na mafungu ya noti mbele yake hana hata sarafu moja ya Kongo ya kumpa mteja.

Jambo hilo ni la kushangaza ukitazama kinachopita barabarani. Mokambo ni moja ya milango ambayo shaba ya Katanga hupitia kwenda Zambia, kisha kwenye bandari za mbali. Wakaaji wa hapa wameiita madini hiyo mukuba tangu zamani. Katika miaka ya karibuni Kongo imekuwa nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Nchi inayotoa mukuba mwingi kiasi hicho haina kipande kimoja cha mukuba kinachotumika kama fedha.

Haikuwa hivyo siku zote.

Ndizi upande mmoja, msalaba upande mwingine

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Makao yake yalikuwa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Dola mpya ilihitaji bendera, askari, vibali vya posta na fedha. Banki ya Taifa ya Katanga iliundwa, na noti za kwanza zikatoka zikiwa na sura ya Tshombe mwenyewe.

Mwaka 1961 zikafuata sarafu. Zilikuwa za aina mbili: ya franka 1 na ya franka 5, zote za bronzi. Upande mmoja kulikuwa na kichala cha ndizi. Upande wa pili kulikuwa na msalaba wenye mikono minne iliyotanuka kama herufi X. Kulitolewa pia franka 5 ya dhahabu yenye picha hizo hizo, lakini hiyo haikuwa ya kununulia unga sokoni. Ilikuwa ya kuwekwa.

Bronzi ni mukuba uliochanganywa na bati kidogo. Mchanganyiko huo ni mgumu kuliko mukuba mtupu, unakubali kugongwa muhuri, na haulikwi upesi na jasho la mikono. Ndiyo sababu mataifa mengi yameutumia kwa sarafu ndogo, zile zinazopita mikono mingi kila siku. Katanga ya wakati huo ilichimba vyote viwili: mukuba katika ukanda wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na bati huko Manono, kaskazini.

Kwa hiyo sarafu ile ilikuwa na ujumbe ulio wazi. Ndizi zilisema kwamba ardhi inalisha watu. Msalaba ulisema kwamba ardhi ina utajiri, na kwamba utajiri huo haukuanza na Wazungu. Alama hiyo hiyo iliwekwa kwenye bendera: misalaba mitatu ya rangi ya shaba juu ya uwanja mweupe.

Lakini sarafu, hata ikiwa nzuri namna gani, hutegemea yule anayeitoa. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga rasmi. Mnamo Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, ngome ya mwisho, na kujitenga kukaisha. Fedha ile ilikuwa imetembea kwa muda usiofika hata miaka mitatu.

Msalaba ulioigwa juu yake ulikuwa umetembea kwa karne nyingi.

Msalaba ambao si wa misheni

Mgeni anayeuona msalaba wa Katanga kwa mara ya kwanza hudhani uliletwa na mapadri. Sivyo. Misalaba ya kale kuliko yote imepatikana mahali ambapo watu waliishi mamia ya miaka kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Kwa Kifaransa huitwa « croisette ». Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jina jingine walilolisikia njiani: handa. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekata Afrika kutoka mashariki hadi magharibi katika miaka ya 1873 hadi 1875, ni mmoja wa waliotaja mukuba huu wenye umbo la X ukiuzwa na kununuliwa mbali na mahali ulipochimbwa.

Misalaba haikuwa ya namna moja. Mingine ina mikono minene iliyopanuka mwishoni, mingine ni myembamba. Ile ya karne ya 19 ni mizito, na mmoja unajaza kiganja na kupita. Ile ya karne za kabla yake iliendelea kupungua ukubwa, hadi mingine ikawa midogo kama ukucha wa kidole.

Kupungua huko ndiko kulikowafanya wataalamu waamini kwamba wanatazama fedha, na si pambo tu.

Makaburi ya Kisale yanasema nini

Ushahidi mkubwa unatoka mbali kidogo na Mokambo, upande wa kaskazini, katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba unapita kwenye maziwa. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, kuna makaburi mengi ya watu wa kale. Jacques Nenquin alichimba huko mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka 1974. Makaburi mengine yalichimbwa katika bonde hilo hilo, kama vile Katoto na Malemba-Nkulu.

Bonde la Upemba lina samaki, lina ardhi ya kulima, lakini halina mukuba. Kila kipande cha mukuba kilichokutwa katika kaburi la Sanga kilibebwa kutoka kusini, kutoka ukanda huu wa madini, kwa mwendo wa siku nyingi. Walioleta hawakuja bure. Walirudi na kitu: samaki waliokaushwa, chumvi, vyakula, mafuta.

Katika makaburi ya zamani zaidi, ya karne za 10 hadi 13 hivi, mukuba ulikuwa bangili, mkufu, mnyororo, kitu cha kumpamba mtu mkubwa. Baadaye misalaba ikaonekana. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache, imewekwa kwa heshima juu ya mwili wa marehemu. Kisha, karne baada ya karne, ikawa midogo na mingi. Ikawekwa karibu na mikono au kiunoni, mahali ambapo mtu aliye hai hubeba fedha zake. Na vipimo vikaanza kufanana.

Hapo ndipo penye hoja. Pambo linaweza kuwa la ukubwa wowote, kadiri ya tajiri anavyotaka. Fedha haiwezi. Mtu anayelipa kwa misalaba 10 na yule anayeipokea lazima wakubaliane kwamba msalaba mmoja ni sawa na mwingine, bila kuupima kila mara. Misalaba midogo ya Upemba ya karne za 16 hadi 18 inafanana kiasi hicho. Na udogo wake unaonyesha kwamba ilinunua vitu vidogo, vya kila siku, na si mahari au deni kubwa peke yake.

Kusini nako misalaba ilisafiri. Huko Ingombe Ilede, Zambia, karibu na mto Zambezi, wachimbaji wa historia walikuta katika miaka ya 1960 makaburi ya matajiri wa karne ya 15 na 16 waliozikwa na dhahabu, shanga za kioo, nguo na misalaba ya mukuba. Shanga zile zilitoka pwani, kwenye bahari ya Hindi. Mukuba ulitoka bara. Walikutana njiani, katika mikono ya wafanyabiashara ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wala shaba

Kutengeneza msalaba mmoja kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashimo hayana maji na mikono haina kazi ya shamba. Wachimbaji walifuata malakiti, lile jiwe la kijani ambalo leo mafundi wa Lubumbashi hulichonga kuwa shanga na majivu ya sigara huwekwa ndani ya visahani vyake. Walichimba mashimo kwa shoka na majembe ya chuma, wakipasua miamba migumu kwa moto. Jiwe lilivunjwavunjwa na kuoshwa mtoni ili udongo uondoke.

Upande mwingine walikata miti na kuchoma makala, kwa maana tanuri la mukuba linakula makala kuliko jiko lolote. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto. Mivukuto ya ngozi ilipuliza upepo saa nyingi bila kupumzika. Juu ya yote alikuwa mkuu wa kazi, aliyejua siri ya moto na masharti yake: nani asikaribie, dawa gani iwekwe, lini kuanza na lini kuacha. Ujuzi huo haukugawiwa ovyo. Ulifundishwa ndani ya chama cha wafuaji, na aliyetaka kuingia alilipa.

Mukuba ulipoyeyuka, ulimiminwa katika kalibu iliyo wazi. Ndiyo sababu misalaba mingi ina upande mmoja laini, uliogusa kalibu, na upande mwingine wenye mikunjo, uliopoa hewani.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza misheni ya Katanga kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1926 juu ya wafuaji hao akiwaita « wala shaba wa Katanga ». Hawakula madini, bila shaka. Walikula kutokana na kazi yake, kama mkulima anavyokula kutokana na jembe. Wakati anaandika, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuzimwa, na wazee waliojua siri ya tanuri walikuwa wachache.

Fedha isiyo na jina la mfalme

Mahali pengine duniani, sarafu huanza na jina. Katika ufalme wa Kushan, uliotawala Asia ya Kati na kaskazini ya India katika karne za kwanza za zama zetu, wafalme waligonga sarafu za shaba na bronzi kwa wingi. Mfalme Kanishka aliwekwa upande mmoja, na upande wa pili mmoja wa miungu ya watu aliowatawala. Mtu aliyeishi vijijini hakuwahi kumwona mfalme, lakini alimshika mkononi kila siku ya soko. Mfalme mwingine wa huko alitoa sarafu nyingi zenye cheo tu, « Mwokozi Mkuu », bila jina. Wanahistoria walibishana miaka mingi ni nani. Jibu lilikuja baada ya mwaka 1993, jiwe lenye maandishi lilipopatikana Rabatak, Afghanistan, likiorodhesha wafalme na kuonyesha nafasi ya Wima Takto.

Karibu zaidi, huko Kilwa kwenye pwani ya Tanzania, masultani waligonga sarafu ndogo za shaba tangu karne ya 11. Ziliandikwa kwa Kiarabu, jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande mwingine, yakiwa na vina kama shairi. Sarafu moja ya Kilwa ilipatikana hata Zimbabwe Kuu, katikati ya bara.

Msalaba wa Katanga hauna jina la mtu. Hauna mwaka, hauna sura, hauna muhuri. Hakuna mfalme mmoja aliyeutoa na hakuna mfalme mmoja aliyeweza kuufuta. Baluba waliupokea, Basanga na Balamba waliuyeyusha, na watu wa mbali waliokuwa na lugha nyingine waliutambua kwa macho na kwa uzito. Thamani yake ilikuwa ndani yake: ukiharibika biashara, bado unaweza kuuyeyusha ukapata bangili, waya au risasi.

Sarafu ya 1961 ilikuwa kinyume. Ilikuwa na jina, mwaka na banki nyuma yake. Bronzi iliyomo ilikuwa kidogo kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, kama ilivyo kwa karibu sarafu zote za kisasa. Jina lilipoanguka, thamani ilianguka nalo.

Mpaka uliokata soko

Karne ya 19 ilileta bwana mpya wa mukuba. Msiri, Mnyamwezi aliyetoka nchi ambayo leo ni Tanzania, alijenga mamlaka yake Bunkeya. Bayeke wake walidhibiti mashimo, wakavuta mukuba kuwa waya mwembamba, wakauza pembe, watumwa na misalaba kwa misafara iliyoelekea Angola upande mmoja na pwani ya Zanzibar upande mwingine. Walirudi na bunduki na baruti.

Utajiri huo ndio uliowavuta Wazungu wawili kwa wakati mmoja: Cecil Rhodes kutoka kusini na mfalme Leopold kutoka magharibi. Msiri alipigwa risasi na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold. Mwaka 1894 Waingereza na Leopold walikubaliana juu ya mpaka. Mstari walioufuata ndio uliozaa ile ncha ya ardhi ya Kongo inayochoma ndani ya Zambia. Hadi leo Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Luapula kwa njia ya mkato huingia Kongo Mokambo, hupita kilomita kama 70, kisha hutoka Chembe. Balamba walijikuta pande zote mbili za mstari huo, na mashimo ya kale vilevile: Kipushi upande huu, Kansanshi upande ule.

Fedha nayo ilibadilishwa. Tangu mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ilikuwa na sarafu zake za shaba, santimu zenye tundu katikati. Baadaye, chini ya Wabelgiji, kodi na mishahara vilihesabiwa kwa franka. Ambaye serikali inamdai franka hawezi kulipa kwa msalaba. Reli iliingia Sakania mwaka 1909 na kufika Elisabethville mwaka 1910. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilimimina shaba yake ya kwanza. Migodi mingi ambayo Wazungu waliisajili kwa majina mapya ilikuwa mashimo ya wala shaba. Mgodi wa Étoile, nje kidogo ya Lubumbashi, wenyeji waliujua kama Kalukuluku.

Watoto wa wafuaji wakaingia migodini kama vibarua. Msalaba ukabaki katika sanduku la mzee, au katika mahari.

Alama iliyogawanya watu

Ndipo mwaka 1960 Tshombe na washauri wake wakautoa sandukuni na kuupandisha kwenye bendera, kisha kwenye sarafu. Uamuzi huo ulikuwa na akili: kila mtu wa Katanga aliutambua. Lakini ulibeba pia ukinzani mkubwa.

Wauzaji wa sarafu za kale hadi leo huita alama iliyo kwenye franka ya 1961 « msalaba wa Baluba ». Na ni katika nchi ya Baluba wa kaskazini, kando ya Lualaba, ambako makaburi yenye misalaba ni mengi. Baluba hao hao ndio waliokataa kujitenga. Chama chao, Balubakat cha Jason Sendwe, kilitaka Kongo moja. Vita vilivyofuata kati ya askari wa Tshombe na vijana wa Balubakat viliteketeza vijiji na kuua watu wengi katika Manono, Kabalo na sehemu nyingine za kaskazini. Wakimbizi Baluba walijaa kambini pembeni ya Elisabethville.

Hivyo, kijana wa kaskazini aliyeshika franka 5 ya bronzi alikuwa ameshika alama ya mababu zake iliyogongwa na serikali iliyokuwa ikimpiga. Kitu kilichowaunganisha wachimbaji wa kusini na wavuvi wa Upemba kwa mamia ya miaka kilikuwa sasa kinatenganisha.

Alama hiyo haijapoa. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi wakiwa na bendera ya misalaba mitatu. Kwa baadhi ya watu, kuuona msalaba wa mukuba ni kuona historia ya familia. Kwa wengine, ni kuona vita.

Kutoka makuta hadi karatasi

Baada ya Katanga, Kongo iliendelea kutumia sarafu kwa muda. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilileta zaire, iliyogawanyika katika makuta 100, na vipande vya chuma vya makuta vikatembea nchi nzima. Neno makuta lilikaa kinywani mwa watu kama jina la fedha yoyote. Jimbo lenyewe likaitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.

Kisha bei zikapanda hadi sarafu ikakosa maana. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franka ya Kongo 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Fedha inayoporomoka namna hiyo haiwezi kugongwa kwenye chuma: kabla kipande hakijatoka kiwandani, chuma chake kimeshazidi bei iliyoandikwa juu yake. Ndivyo sarafu zilivyopotea Kongo, na watu wakaikimbilia dola.

Kinachobaki ardhini

Misalaba ingali inapatikana. Mtu anachimba shimo la choo, analima, anapasua kichuguu ili afyatue matofali, na jembe linagonga kitu kizito cha kijani. Wengine hukifikiria kama mitraye tu, vipande vya kuuzwa kwa kilo. Wengine hukiuza kwa mpita njia, kikaishia katika duka la vitu vya kale Ulaya au Marekani. Wapo pia wanaomimina misalaba mipya na kuizeesha kwa tindikali ili ionekane ya kale.

Msalaba ukitolewa mahali pake bila kuandikwa ulikuwa kina gani, karibu na nini, katika kaburi au katika mabaki ya tanuri, unabaki kuwa mukuba wa thamani ya mizani. Yote yanayojulikana juu ya Sanga yanatokana na jambo moja: wachimbaji waliandika kila kipande kilikuwa wapi juu ya mwili. Bila maandishi hayo, hakuna mtu angeweza kusema kwamba misalaba ilihama kutoka kifuani kwenda kiunoni, na kwamba pambo liligeuka kuwa fedha.

Sheria ipo. Agizo-sheria namba 71-016 la tarehe 15 Machi 1971 linalinda mali za utamaduni za nchi, zikiwemo zinazofukuliwa ardhini, na anayekuta kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa kwa serikali. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, ndiyo nyumba iliyo karibu zaidi na wakaaji wa Haut-Katanga kwa vitu vya namna hiyo.

Anayekutana na msalaba, au na kipande cha bronzi chenye ndizi na mwaka 1961, asikisugue kwa mchanga ili king'ae, kwa sababu rangi ya kijani ni sehemu ya ushahidi wa umri wake. Asikikate kuona ndani kuna nini. Apige picha ya mahali kilipokuwa kabla ya kukiondoa, aandike kijiji, shamba na kina cha shimo, na aangalie kama pembeni kuna vyungu vilivyovunjika, makala au takataka nyeusi za tanuri. Mukuba wa kuuzwa kwa kilo Katanga ingali nao mwingi. Shimo lililochimbwa mara moja bila kuandikwa halichimbwi tena.